Nimelipia kioo kitolewe, fundi kapaka rangi juu ya kutu, sasa mvua inanyesha ndani ya gari

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, nikipoa nitaona aibu.

Nina Toyota Premio ya 2003, namba D, niliagiza mwenyewe. Mwaka 2019 lori lilinirushia jiwe pale Chalinze, kioo cha mbele kikapasuka, nikabadilishiwa Dar. Yule aliyetoa cha zamani alikuwa anakwangua gundi kwa kisu kama anapara samaki. Sikujua kila mkwaruzo ulikuwa unafika kwenye bati. Gari lenyewe linalala Kigamboni, upepo wa bahari usiku kucha. Mwaka jana rangi ya bati ikaanza kufura pale juu ya kioo, vipele vipele, ukikibonyeza kimoja kwa ukucha kinatoka unga kama ugoro.

Nikapeleka gereji moja, jina silitaji. Nikamwambia fundi kwa Kiswahili hiki hiki: toa kioo, kwangua mpaka bati jeupe, piga praima (ile rangi ya chini ya kushikia), paka rangi, ndipo urudishe kioo kwa gundi yake. "Bosi wangu, ondoa shaka." Laki nne na nusu, humo laki na ishirini ni ya kutoa na kurudisha kioo. Nikalipa yote. Siku ya tatu gari linang'aa, nikamwachia na hela ya soda. Mjinga mimi.

Cha kwanza kilichonishtua ni harufu. Gari zima linanuka siki, nikadhani achari ya wife imemwagika. Kumbe wamepaka silikoni ya madirisha ya alumini! Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula bati. Yaani kutu imeongezewa msosi.

Masika yakaingia, kapeti upande wa abiria chapachapa. Nikaenda kwa fundi mwingine, akavuta ile raba ya juu taratibu, nimesimama hapo hapo. Chini yake kuna mkanda wa karatasi, ule wa kuziba wakati wa kupuliza rangi, bado umeng'ang'ania pembeni ya kioo na rangi mpya imeishia hapo. Kioo hakikutoka hata dakika moja. Akagusa "bati" kwa bisibisi, ikazama. Puti tupu, ile pasta ya kujazia mashimo, nene kama biskuti, imelowa tepetepe maana puti hunyonya maji. Nyuma yake tundu linapitisha kidole gumba.

Na hili si suala la urembo, wakuu. Gundi ya kioo inashika praima na rangi, rangi inashika bati. Bati likishakuwa unga, kioo kinashikiliwa na nini? Kwenye magari mengi eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) ya abiria ikifumuka inaegemea hicho hicho kioo. Anayekaa pale ni mke wangu.

Nikarudi gereji ile ya kwanza na mkanda mkononi. "Kaka, kutu ni ugonjwa wa magari ya zamani, hata ungempelekea Mjapani ingerudi." Sawa, laki na ishirini ya kutoa kioo ilienda wapi? Akamgeukia dogo wake: "Kwani wewe hukutoa kioo?" Dogo akawa anaangalia ndala zake. Kurudisha hela hawataki, eti watanipulizia tena bure. Wapulize nini, puti?

Najua mtanisema mbona sikukaa kusimamia. Nilikuwa kazini! Tangu lini mtu analipa fundi halafu anakuwa mlinzi wake?

Sasa hivi kioo kimetolewa kweli, gari liko chini ya turubai, fundi wa pili anakata bati lililooza achomelee kipande kipya. Laki sita, rangi bado. Nilichonacho ni risiti ya mkono iliyoandikwa "rangi na kioo", picha za lile tundu na ule mkanda, nimeubandika kwenye daftari. Aliyewahi kumdai fundi kwa ushahidi wa namna hii akalipwa, alianzia wapi? Serikali ya mtaa au mahakama ya mwanzo?