Historia ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji 13: mbona miaka yake haina mpangilio?

Mkazi wa Kirumba:
Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Mwanza. Kwetu soka ndiyo mchezo wa kwanza, na raga tunaisikia zaidi kwa majirani zetu wa Kisumu, ambako hushindaniwa Dala Sevens ya wachezaji saba kila upande. Hivi karibuni nilitazama marudio ya fainali ya Australia na Samoa iliyochezwa Manchester tarehe 19 Novemba 2022, Australia ikashinda 30–10. Kila timu ilikuwa na wachezaji 13, na mchezaji akiangushwa hapakuwa na rundo la watu wanaogombea mpira. Huachiwa, akainuka, akauweka mpira chini mbele ya mguu wake na kuusukuma nyuma kwa unyayo, kisha mwenzake akauokota. Nilipofuatilia historia ya kombe hilo nilikuta miaka iliyopishana ovyo: 1954, 1957, 1960, kisha 1968, 1970, 1972 na kuendelea. Naomba anayefahamu anieleze lilivyoanza, na kwa nini halikuwa na ratiba ya kudumu kama la soka.

Mwalimu wa Nyegezi:
Ndugu yangu, ukitaka kulielewa kombe hilo anzia kwenye ujira wa Jumamosi. Kaskazini mwa Uingereza, karne ya 19 ikielekea ukingoni, wachezaji wengi wa raga walikuwa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwandani, na Jumamosi ilikuwa siku ya kazi. Aliyekwenda kucheza alikosa ujira wake, sawasawa na kibarua wa kiwanda cha minofu ya sangara hapa kwetu anayekosa zamu. Vilabu viliomba viruhusiwe kumfidia mchezaji fedha hizo, lakini wakuu wa mchezo, ambao wengi walikuwa watu wenye uwezo waliotaka raga ibaki ya ridhaa, walikataa. Tarehe 29 Agosti 1895, katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, vilabu vya kaskazini vikajitenga na kuunda chama chao. Mwaka 1906 chama hicho kilipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 na kuleta utaratibu ule ulioueleza wa kuinuka na kuusukuma mpira kwa mguu, ili waliolipa kiingilio wauone mpira ukitembea.

Ufaransa ilipata pigo zito zaidi, kwani mwaka 1941 serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliupiga mchezo huo marufuku na kuchukua mali zake. Nalisisitiza hili kwa sababu kombe ni matunda ya Wafaransa walioufufua mchezo baada ya vita: Paul Barrière, rais wa shirikisho lao, ndiye aliyelisukuma wazo la mashindano ya dunia mpaka likakubaliwa. Mwaka 1954 timu nne tu, yaani Ufaransa, Uingereza, Australia na New Zealand, zilikutana nchini Ufaransa, na Uingereza ikaifunga Ufaransa 16–12 katika fainali jijini Paris. Raga ya wachezaji 15 haikuwa na Kombe la Dunia hadi 1987. Wanyonge ndio waliotangulia, na naona hawapewi heshima inayowastahili kwa hilo.

Kuhusu ratiba, timu zilikuwa chache na fedha haba, hivyo mashindano yaliitishwa alipopatikana mwenyeji. Kuanzia 1985 hadi 1988, na tena 1989 hadi 1992, baadhi ya mechi za ziara za kawaida zilihesabiwa kuwa mechi za kombe, kwa hiyo bingwa alisubiriwa miaka mitatu.

Binti Ukerewe:
Mwalimu, shikamoo. Asili umeieleza vyema, ila nisingependa wachezaji wenyewe wasahaulike. Fainali ya 1972 ilichezwa Lyon, na nahodha wa Uingereza alikuwa Clive Sullivan, mzaliwa wa Cardiff, mtu mweusi wa kwanza kuiongoza timu ya taifa ya Uingereza katika mchezo wowote. Aliupata mpira akiwa bado ndani ya nusu yake, akatimua mbio peke yake hadi akafunga trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, huku Waaustralia wakimfukuza nyuma. Mechi iliisha 10–10, muda wa nyongeza haukubadilisha kitu, na Uingereza ikapewa kombe kwa kuwa ilifanya vizuri zaidi katika hatua ya awali. Haijalitwaa tena tangu siku hiyo. Mjini Hull, alikochezea vilabu, barabara kuu imepewa jina lake.

Aidha, sidhani kwamba uchache wa timu peke yake ndio uliolidhoofisha kombe. Limeshindaniwa mara 16 na Australia imelichukua mara 12. Shabiki wa nchi nyingine atakesha kwa matumaini gani? Mabadiliko ninayoyathamini yameletwa na wachezaji wenye asili ya visiwa vya Pasifiki, walioamua kuzichezea nchi za wazazi wao. Mwaka 2017 Jason Taumalolo aliiacha New Zealand akajiunga na Tonga, na Tonga ikaifunga New Zealand 28–22. Katika nusu fainali ya 2022, Samoa, nchi yenye watu wachache kuliko wilaya yetu ya Ukerewe, iliitoa England 27–26 katika muda wa nyongeza kwa teke la Stephen Crichton.

Mkazi wa Kirumba:
Nawashukuru nyote kwa dhati. Je, Afrika imewahi kushiriki?

Mwalimu wa Nyegezi:
Marahaba, binti yangu. Hoja yako kuhusu Pasifiki naikubali. Ndugu wa Kirumba, katika mashindano ya wanaume Afrika imewakilishwa na Afrika Kusini, mwaka 1995 na mwaka 2000, na mara zote mbili ilipoteza mechi zake tatu. Australia iliifunga 86–6 mwaka 1995, lakini miaka mitano baadaye Papua New Guinea ilipata ushindi wa 16–0 tu dhidi yake. Ufaransa ilikuwa iandae mashindano ya 2025, ikajitoa Mei 2023 kwa kukosa dhamana ya fedha kutoka serikalini, ndipo yakasogezwa hadi 2026 na kupewa Australia.