SENDOFU YA ZUHURA 🎉 FAMILIA TU

[Ijumaa 08:12] Shangazi Mwaju: Asalaam aleikum. Kesho naingia Kariakoo kuchukua mashuka ya Zuhura pea sita, kitanda sita kwa sita. Waliotoa mpaka sasa ni mimi na Baba Nasra. WAWILI

[10:40] Shangazi Mwaju: Tiki za bluu naziona

[11:05] Iddi: 🙏

[11:06] Shangazi Mwaju: Iddi hiyo mikono haipokelewi dukani

[12:31] Mama Nasra: Wifi yale yanayong'aa usichukue, poliesta tupu yale, na joto hili la Dar ni kama umejifunika nailoni, afu ukifua mara mbili yanaota vipele. Vuta kauzi pembeni ukachome, kakinuka karatasi kakabaki jivu hiyo pamba, kakiyeyuka kakaganda kidonge hiyo plastiki hata kama paketi imeandikwa koton mia kwa mia. Na linyanyue kwenye mwanga, ukiona sura ya muuzaji mrudishie

[12:33] Iddi: Mamdogo uchome kitu Kariakoo?? watakuchoma wewe 😂😂

[12:34] Baba Nasra: Na soko lilishaungua 2021 😂

[12:40] Shangazi Mwaju: Turudi kwenye mada. Seti na foronya nne ni 45,000, nikichukua zote sita wananifanyia 38

[12:52] Mama Nasra: Godoro inchi ngapi?

[12:53] Shangazi Mwaju: Sita kwa sita nimesema

[12:53] Mama Nasra: Unene wifi. Likiwa nene shuka la sita kwa sita halichomekeki, usiku mzima mnavutana

[15:20] Saida: Mbona tusiende Karume? Mtumba wa hoteli pamba nzito kabisa na bei chee

[15:22] Shangazi Mwaju: Bi harusi alalie shuka la mtu??

[15:24] Saida: Bora hilo kuliko ya Asha, mapya yakachuja mpaka godoro likawa pinki. Na chenji hatujaiona hadi leo

[15:31] Asha: Naona natajwa

[15:35] Shangazi Mwaju: Saida ile chenji ililipa Noah ya kuwarudisha nyie Mbagala, tulishaongea hayo

[15:36] Saida: Tuliongea wapi

[15:38] Saida: _Ujumbe huu umefutwa_

[19:02] Nasra: Bibi ananisemesha niandike. "Mimi niliolewa na shuka mbili za marekani mama kazidarizi kwa mkono, nimezaa watoto saba. Mtoto mnunulieni nne nyeupe nzito, inatosha. Mwajuma na Saida mwende pamoja. Hela ashike Saida."

[19:40] Baba Nasra: Sawa mama

[20:15] Shangazi Mwaju: Sawa mama.

[20:16] Shangazi Mwaju: Saida saa mbili asubuhi mwendokasi Gerezani

[Jumamosi 07:51] Saida: Shangazi shkamoo, leo niko zamu, si tuseme kesho?

[07:58] Shangazi Mwaju: Nishapanda gari

[08:03] Iddi: Nimetuma 20 na ya kutolea

[08:04] Mama Nasra: Umetuma kwa nani?

[08:20] Iddi: Kwani namba si ile ile