Wachambuzi wa magemu, mnatuuzia mbuzi kwenye gunia na tumechoka

Wakuu, nina hasira hii tangu Jumamosi na leo naitoa yote. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "gemu gani kali mwaka huu". Haya ni malalamiko, na yanawahusu wanaojiita wachambuzi wa magemu, hasa hawa wetu wanaochambua kwa Kiswahili.

Nina banda la PS (PlayStation) huku Mbagala. PS4 mbili za kawaida, si zile za Pro zenye nguvu zaidi, pedi nne, madogo wanalipa mia tano kwa mechi. Mwezi uliopita nikasema tupumzike kidogo na mpira, nitafute gemu la magari. Nikaangalia uchambuzi wa jamaa mmoja mwenye wafuasi wengi tu, dakika kumi na mbili, nikaurudia mara ya pili. Akasema gemu ni moto, picha kali, magari yanang'aa mpaka unaona mawingu kwenye boneti, na "ukicheza na washkaji ndo utamu wenyewe". Akalipa alama tisa kwa kumi.

Nikatoa laki na thelathini, CD orijino. Kuiweka tu, ikadai apdeti ya GB thelathini na kitu. Nikawasha hotspot ya simu, bando la wiki nzima likakata kabla hata ya nusu, nikaunga jingine, nikalala bandani kuisubiri. Asubuhi madogo wamejaa mlangoni, maana nilishawatangazia. Wawili wakashika pedi. Natafuta sehemu ya kucheza watu wawili, hakuna. Nikaingia kwenye settings, nikatoka, nikazima mashine nikawasha tena. Hakuna. Skrini haigawanyiki. Washkaji aliowasema ni wa mtandaoni, kila mtu na PS yake, TV yake, intaneti yake na malipo yake ya kila mwezi ya kucheza onlaini. Dogo mmoja bado kashika pedi isiyofanya kitu, ananiangalia: "Bro, mimi gari langu liko wapi?" Nikamrudishia mia tano yake.

Sasa hilo lingemchukua muda gani kulisema? "Gemu hili halina skrini mbili." Sekunde tatu! Dakika kumi na mbili za mawingu kwenye boneti, halafu sekunde tatu za kumwokoa mtu laki na thelathini hazipatikani.

Nikairudia ile video mara ya tatu, safari hii kwa jicho la mtu aliyeibiwa. Hakuna mahali hata pamoja inapoonekana menyu. Hakuna mbio anazopoteza, hakuna kona anayogonga ukuta. Kila picha imekatwa kutoka kwenye trela ya kampuni. Hajasema kacheza kwa saa ngapi wala kacheza kwenye mashine gani. Kwenye PS4 yangu, mvua ikianza na magari kumi yakiingia kona moja, picha inakwamakwama na breki inachelewa kuitika. Hilo haliwezi kumpita mtu aliyeshika pedi kwa nusu saa tu.

Na msiniambie suala la mashine ni dogo. Desemba 2020 lilitoka gemu la Cyberpunk 2077. Chambuzi zilizotangulia kabla ya gemu kuingia sokoni zilifanywa kwenye kompyuta, kwa sababu nakala za kompyuta ndizo walizopewa, na hata video walikatazwa kuonyesha za kwao, watumie za kampuni. Alama zikawa za juu. Siku ya tarehe 10 gemu likatoka, wenye PS4 na Xbox One wakakuta kitu kingine kabisa: watu wasio na sura, picha inaganda, gemu linazima lenyewe. Wiki moja baadaye Sony wakaliondoa kwenye duka lao na kuanza kurudisha pesa, na halikurudi dukani mpaka Juni 2021. Aliyenunua kwa kuamini alama zile hakuwa mjinga. Alipewa ushahidi wa kompyuta akanunua kwa ajili ya PS4. Waliostahili heshima ni wale walioandika wazi: nimecheza kwenye kompyuta, toleo la PS4 sijaliona, subirini.

Kuna na hili la bahasha. Mchambuzi akipewa gemu bure au akilipwa, aseme mwanzoni kabisa. Mwaka 2007 Jeff Gerstmann, mchambuzi wa tovuti ya magemu ya GameSpot, aliipa gemu la Kane & Lynch alama 6, wakati tovuti yao imejaa matangazo ya gemu hilohilo. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2012 akaja kueleza hadharani kwamba presha za watangazaji zilihusika. Yule alipoteza mkate wake kwa kusema alichokiona. Ninyi hamjatishiwa na yeyote, na bado hamsemi!

Wengine watanijibu kwamba uchambuzi ni maoni ya mtu. Sawa, utamu ni maoni. Ukisema stori imekuboa, siwezi kukubishia. Lakini GB za apdeti si maoni. Skrini mbili si maoni. Kama gemu linagoma kuwaka bila intaneti, hayo nayo si maoni. Tuanzie hapo, ndipo unihadithie ulivyojisikia. Na ukinihadithia, niambie mkono unafanya nini: gari linakuwa zito ukikata kona au linateleza kama lipo kwenye sabuni? Ukikosea unarudishwa mwanzo au hatua mbili nyuma? Saa ya kumi ya kucheza bado kuna kipya, au ni mbio zilezile na rangi tofauti? "Graphics kali" hata dogo wa darasa la tatu anaiona mwenyewe.

Halafu mrudi kurekebisha uchambuzi wenu gemu likibadilika. SimCity ya 2013, gemu la kujenga miji, tovuti ya Polygon waliipa 9.5 kwa kumi, seva zilipoelemewa na wanunuzi kushindwa kuingia wakaishusha hadi 8, kisha 4. Walikubali kubadilika mbele za watu. Crash Team Racing ya 2019, gemu la mbio za magari ambalo kwangu limelisha watoto kwa sababu watu wanne wanakaa kwenye skrini moja, lilitoka Juni bila kuuza sarafu za ndani ya gemu kwa pesa halisi. Agosti wakaanza kuziuza. Aliyechambua Juni na asirudi kamwe, uchambuzi wake sasa unadanganya, hata kama siku ile ulikuwa wa kweli.

Huyo jamaa nilimwandikia kwenye komenti, kwa adabu, bila tusi. Akaifuta. Nikaandika tena, akanifungia.

Kwa hiyo nahamia kwenu. CD naiuza kwa laki moja, mwenye PS4 yake nyumbani na anayecheza peke yake ani-PM, na nitamweleza kila nilichokisema hapa kabla hajatoa pesa. Na mwenye gemu la magari au la kupigana linalocheza wawili skrini moja kwenye PS4 ya kawaida, bila intaneti, aandike hapa chini: kalicheza kwa saa ngapi, apdeti GB ngapi, na mvua ikinyesha inakuwaje.