Trela ya alumini ya kubebea ng'ombe: nikague nini kabla ya kulipa?

Mfugaji wa Kipushi
Ndugu wafugaji, salamu. Kila mwezi ninapeleka madume wanne au watano Lubumbashi kwa pikapu na trela ya chuma ambayo sakafu yake imeoza. Juma lililopita mguu wa dume mmoja ulitoboa bati, tukalikata kwa msumeno ili kumtoa. Nimeonyeshwa trela ya alumini iliyotumika, iliyoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na muuzaji anaapa kwamba haitaoza kamwe. Nimwamini?

Fundi wa Katuba
Mzee, amekupa nusu ya ukweli. Alumini haishiki kutu kama chuma, na uzito wake ni takriban theluthi moja ya chuma cha ujazo uleule, hivyo pikapu yako itapata nafuu. Hata hivyo, mkojo na kinyesi vikilala chini ya mkeka wa mpira huila taratibu, ikatoka unga mweupe na vishimo. Na penye unyevu, inapogusana na chuma cha ekseli au boliti, inayoliwa ni alumini. Ingia uvunguni na tochi, uone kama kati ya metali hizo mbili pamewekwa mpira au plastiki. Kisha pitisha ukucha kwenye maungio yaliyochomelewa, hasa shingoni pa kuvutia, kwa sababu ufa usioonekana kwa macho ukucha huweza kuukamata.

Mama Ng'ombe, Ruashi
Baba, uliza pia nani ataitengeneza. Yangu ilipasuka, nikaipeleka kwa fundi anayechomelea mageti. Kazi yake haikumaliza safari mbili. Fundi mwingine, mwenye gesi ya argoni ya kuchomelea alumini, ndiye aliyenieleza kwamba alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 lakini utando mwembamba unaojijenga juu yake ikikutana na hewa huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000, kwa hiyo asiyeuondoa kwanza anachafua tu. Na tafadhali usinyunyize chokaa sakafuni kama tulivyozoea zizini, kwani huila alumini. Maji mengi na sabuni isiyo kali yanatosha, mkeka ukiwa umeinuliwa.

Mfugaji wa Kipushi
Asanteni sana. Leo nimekwenda na tochi. Uvunguni palikuwa safi, lakini nilipoomba tuinue mkeka, muuzaji alisema umegandishwa kwa gundi na hautoki. Nimerudi na pesa zangu.

Fundi wa Katuba
Umefanya vema, mzee. Mkeka usioinuka unaoshwaje?