Unabii wa Tiro (Ezekieli 26): ulitimia, ulitimia nusu, au tunaulazimisha?

MwanaMaktaba:
Wakuu, salaam. Jumapili iliyopita mhubiri wetu aliutoa unabii wa Tiro kama ushahidi namba moja kwamba Biblia ni neno la Mungu. Akasema ilitabiriwa mji ule utafutika, ukafutika, na hadi leo ni mwamba mtupu wa kuanikia nyavu. Kanisa zima likaitikia amina. Nilipofika nyumbani nikafungua sura ya 26 nikaisoma taratibu, na tangu siku hiyo sina amani.

Aya ya 7 inamtaja Nebukadreza, mfalme wa Babeli, kwa jina. Atakuja na farasi na magari, atabomoa minara, atakanyaga njia zote za mji. Sawa. Historia inasema aliuzingira miaka 13. Lakini Tiro yenyewe, ile ya matajiri na maghala, ilikuwa kisiwani, na kisiwa hakukibomoa. Anayetuthibitishia kwamba kazi haikulipa ni Ezekieli mwenyewe, 29:18: vichwa vya askari vikaota upara, mabega yakachubuka, na mshahara hawakupata. Ndipo Mungu anasema atampa Misri iwe ujira wake.

Wahubiri wengi hapo wanarukia kwa Alexander Mkuu, mwaka 332 KK. Haya, turuke nao. Baada ya Alexander mji ukasimama tena. Yesu alikwenda pande za Tiro na Sidoni (Mathayo 15:21). Paulo alikaa Tiro siku saba na wanafunzi (Matendo 21:4). Leo unaitwa Sur, uko kusini mwa Lebanoni, una bandari, shule na misikiti. Na 26:14 inasema "hutajengwa tena".

Mimi ni Mkristo, sijaja kubomoa imani ya mtu. Naomba majibu yanayotoka kwenye andiko.

Askari wa Msalaba:
Mtu anasema ni Mkristo halafu anatumia kalamu yake kumsaidia shetani. 2 Petro 3:3, siku za mwisho watakuja wenye dhihaka. Wewe mwenyewe ndio unabii unaotimia hapa.

MwanaMaktaba:
Mkuu, dhihaka iko wapi? Nimetaja aya tano. Jibu hata moja.

Mama Tumaini:
Mwanangu MwanaMaktaba, umesoma vizuri ila umeanzia katikati. Rudi aya ya 3. Mungu anasema ataleta mataifa mengi juu ya Tiro, kama bahari iletavyo mawimbi yake. Mawimbi hayaji moja. Nebukadreza ni wimbi la kwanza, ndiyo maana anatajwa kwa jina kuanzia aya ya 7. Ukifika aya ya 12 wanaotenda si yeye peke yake tena, ni wengi, na kazi yao ni hii: mawe, miti na mavumbi ya mji watayatupa majini.

Sasa niambie, ni mfalme gani anateka mji halafu anautupa baharini? Alexander alifanya hivyo. Alichukua kifusi cha mji wa bara, uliokwisha kuwa magofu, akakimwaga baharini mpaka akapata njia ya kwenda kisiwani. Miezi saba ya kazi, huku watu wa Tiro wakiwarushia moto kutoka ukutani. Tuta lile halijaondoka. Mchanga umejikusanya pande zote mbili hadi kisiwa kimeungana na nchi kavu. Ukiangalia ramani leo huoni kisiwa, unaona rasi. Ezekieli alisema zaidi ya miaka 200 kabla. Mimi hapo huwa nanyamaza nasujudu.

MwanaMaktaba:
Mama, hiyo ya mawe kutupwa majini hata mimi inanishika, sitaki kuificha. Lakini wewe ukiniambia Juma atanijengea nyumba, Juma akaja akachimba msingi akaondoka, miaka 250 baadaye akaja Hamisi akapandisha kuta, siwezi kusimama hadharani nikasema Juma alijenga kama ulivyosema. Na bado "hutajengwa tena" haijaguswa.

Kijana wa Temeke:
Kaka yangu alikwenda Lebanoni na jeshi letu, chini ya Umoja wa Mataifa, kambi yao ilikuwa Naqoura, si mbali na huo mji. Nimefungua picha alizotuma. Bandari ya Sur ni ndogo, mashua za mbao zimepakwa bluu na nyeupe, zimebanana hadi unaweza kuvuka kwa miguu. Ukutani kuna lundo la nyavu za njano, na mzee amekaa juu ya kreti ya plastiki, ameshika wavu kwa kidole gumba cha mguu huku anashona tundu.

Askari wa Msalaba:
NYAVU! Amina! Mnataka nini tena? Ezekieli 26:5, "mahali pa kutandazia nyavu". Funga mjadala.

Kijana wa Temeke:
Mkuu ungeniacha nimalize. Nyuma ya huyo mzee kuna maghorofa, nguo zimeanikwa kwenye baraza, na mkahawa una watu. Nyavu zipo hata soko la samaki la Feri hapa Dar, wala hakuna nabii aliyeilaani Dar.

Hesabu Hazidanganyi:
Kila unabii ndivyo ulivyo. Kikishatokea kitu, watu wanarudi nyuma kunyoosha andiko lifanane nacho. Kisipotokea, wanasema kimetokea kiroho. Angalieni Wasabato na 1844 yao. Waliuza mashamba, wakavaa kanzu nyeupe, wakapanda juu ya mapaa kumngoja Yesu. Asubuhi wakashuka na njaa. Wakasema basi, imetimia mbinguni, kusikoweza kukaguliwa na mtu.

Mpare wa Mamba:
Nilikuwa nasoma kimya kimya, sasa umenigusa. Kwanza, mwaka 1844 hapakuwa na kanisa la Wasabato. Kanisa liliundwa rasmi mwaka 1863. Waliongoja tarehe 22 Oktoba walikuwa watu wa madhehebu mengi, na William Miller mwenyewe, mhubiri aliyeanzisha hesabu hiyo, alikuwa Mbaptisti. Pili, hiyo ya kanzu nyeupe ni uzushi wa magazeti ya wapinzani wao, na wewe umeubeba bila kuuliza. Tatu, ujumbe huu umefika kwetu Upare tangu 1903. Babu yangu alijifunza kusoma kwa sababu yake. Usiwaongelee watu waliotufungulia shule na zahanati kama wendawazimu waliopanda mapaa.

Hesabu Hazidanganyi:
Shule na zahanati hakuna anayezikataa. Nimeuliza kitu kimoja: Yesu alikuja tarehe 22 Oktoba 1844 au hakuja?

Mpare wa Mamba:
Hakuja, na hakuna Msabato anayesema alikuja. Kosa lilikuwa kwenye tukio, tarehe ilikuwa sahihi. Danieli 8:14, siku 2300 ndipo patakatifu patakapotakaswa. Siku ya unabii ni mwaka (Hesabu 14:34, Ezekieli 4:6, huyo huyo Ezekieli wenu). Anza na amri ya Artashasta, mfalme wa Uajemi, Ezra 7, mwaka 457 KK. Hesabu miaka 2300, kumbuka hakuna mwaka sifuri, unafika 1844. Walidhani patakatifu ni dunia, wakangoja isafishwe kwa moto, kumbe ni patakatifu pa mbinguni. Kalamu unayo, piga hesabu.

Hesabu Hazidanganyi:
Hesabu ya kujumlisha siikatai. Nakataa mahali ulipoanzia. Danieli 8 haimtaji Artashasta popote.

Mpare wa Mamba:
Sura ya 9 inaendeleza sura ya 8. Gabrieli anarudi kumwelewesha Danieli yale maono. Someni kwa mfululizo jamani.

Rozari na Chai:
Naomba niingie hapa. Danieli 8 imejifasiri yenyewe. Aya ya 21 inasema yule beberu wa kwenye maono ni mfalme wa Uyunani, ambaye ni huyo huyo Alexander wa Tiro. Pembe yake kubwa inavunjika, zinatoka nne, na katika moja inatoka pembe ndogo inayokomesha sadaka hekaluni. Huyo ni Antioko Epifane, mfalme wa Shamu. Alilinajisi hekalu mwaka 167 KK, Yuda Makabayo, kiongozi wa Wayahudi walioasi, akalitakasa mwaka 164 KK. Jioni na asubuhi 2300 ni sadaka za siku 1150, miaka mitatu na kidogo. Unabii umetimia, umekwisha, na habari yote imeandikwa katika Makabayo wa Kwanza, kitabu ambacho ninyi wenzetu mlikiondoa.

Askari wa Msalaba:
Tulikiondoa? Ninyi ndio mlikiongeza! Vitabu vya Biblia ni 66.

Rozari na Chai:
Wakristo wa Afrika Kaskazini walikuwa wanavisoma vitabu hivyo tangu siku za Askofu Augustino, miaka zaidi ya elfu moja kabla ya Luther kuzaliwa. Nani kaongeza?

Askari wa Msalaba:
Augustino si mtume. Nionyeshe Yesu akinukuu Makabayo.

Rozari na Chai:
Nionyeshe Yesu akinukuu Esta. Halafu fungua Yohana 10:22 utamkuta Yesu hekaluni kwenye sikukuu ya Kutabaruku, yaani ya kuwekwa wakfu upya hekalu. Sikukuu hiyo chimbuko lake ni nini kama si Makabayo?

Mpare wa Mamba:
Mnakwepa. Pembe ndogo ilikua SANA, zaidi ya yule beberu mwenyewe. Antioko alikuwa mkubwa kuliko Alexander? Warumi walimfukuza Misri akarudi kichwa chini. Tena 8:17, malaika anasema maono haya ni ya wakati wa mwisho. Mwaka 164 KK ulikuwa mwisho wa nini?

Mgeni Mwema:
Na wale wa 1914, Mashahidi wa Yehova, mmewasahau? Nao walikuwa na hesabu.

MwanaMaktaba:
Wakuu, tafadhali. Anzisheni mjadala wa Danieli na wa vitabu 66, nitakuja kusoma. Hapa niliuliza Tiro. Mama Tumaini, uko wapi?

Mama Tumaini:
Nipo mwanangu, nilikuwa jikoni. Soma Isaya 23:15 hadi 18. Isaya anasema Tiro itasahauliwa miaka sabini, kisha itarudi kwenye biashara yake, na faida yake itawekwa wakfu kwa BWANA. Kwa hiyo ndani ya Biblia hiyo hiyo Tiro inaanguka na Tiro inarudi. Ezekieli anazungumzia ile Tiro ya sura ya 27, malkia wa bahari, yenye meli za milingoti ya mierezi na makasia ya mialoni, iliyosema mimi ni ukamilifu wa uzuri. Hiyo haijarudi. Pia Yeremia 18 inasema Mungu akilitamkia taifa kuangamia, taifa likageuka, naye hughairi. Ninawi ilipewa siku arobaini na haikuanguka.

MwanaMaktaba:
Ninawi walifunga na kuvaa magunia, Yona ameandika. Tiro walitubu lini? Ezekieli 28 inaonyesha mfalme wao anajiita mungu. Ukisema unabii ulikuwa na masharti, lazima unionyeshe sharti lilipotimizwa. Na kama "hutajengwa tena" maana yake ni "utajengwa lakini hutakuwa tajiri kama zamani", basi mhubiri asiseme mimbarani kwamba umebaki mwamba mtupu. Aseme hivyo unavyosema wewe.

Nakala ya Mtaani:
Nimesoma mwanzo hadi mwisho na nashangaa mnavyobishana kwa raha. Mimi ni wa Malindi. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola ulifukuliwa miili zaidi ya 400. Watu waliambiwa mwisho umefika, wafunge wakamwone Yesu. Walianza hivi hivi, mtu mmoja ana uhakika wa unabii na kusanyiko zima linaitikia amina. Jirani yetu alikwenda na watoto. Aliyekuwa akiuliza maswali kama ya MwanaMaktaba aliambiwa ni adui wa Mungu. Nimeona neno hilo hilo jibu la kwanza kabisa hapa.

Askari wa Msalaba:
Usinilinganishe na wauaji. Mimi nimetetea Ezekieli, sijamwambia mtu afe njaa. Ukiondoa unabii kwenye Biblia, Ukristo unabaki na nini? Isaya 53 uitupe? Mika 5:2, Bethlehemu, uitupe? Wewe umeumia, pole sana, lakini usiitoze Biblia dhambi ya mtu aliyeipotosha.

Nakala ya Mtaani:
Sijasema itupwe. Nimesema anayeuliza asiitwe shetani. Jibu hilo tu.

Askari wa Msalaba:
Anayeuliza kwa nia njema hajaitwa shetani.

Nakala ya Mtaani:
Rudi juu ukasome ulichoandika.

MwanaMaktaba:
Nakala, pole kwa jirani yako. Hilo ndilo lililonileta hapa, ingawa sikulisema. Mimi nafundisha vijana shule ya Jumapili. Kijana akiambiwa Tiro ni mwamba mtupu, halafu akaona picha za Kijana wa Temeke kwenye simu, hataacha Tiro peke yake, ataacha na Bethlehemu. Ezekieli alitamka sura ya 26, miaka ikapita, jeshi likarudi halina mshahara, akaandika na hilo. Hakuifuta ya kwanza. Zimekaa kitabu kimoja, kurasa chache kati yake. Nabii hakuona haya, kwa nini sisi tunaficha sura ya 29? Nitaifundisha pamoja na ya 26, Jumapili hii, na mhubiri nimemwalika aje akae nyuma asikilize.

Mama Tumaini:
Fundisha mwanangu. Ila na Isaya 23 iwemo, na lile tuta usilipite haraka.

Mpare wa Mamba:
Rozari na Chai bado hajajibu kuhusu pembe.