Tupeane uzoefu: siagi iliyogoma kutoka kwenye kibuyu

Mzawa wa Magu: Jana sokoni Kisesa nimekuta mama anauza samli kwenye chupa za soda. Harufu tu, nikajiona kwa bibi, kibuyu mapajani, tunasukasuka tangu alfajiri. Marufuku kusema "mengi leo", siagi itakimbia. Kwenu je?

Kashokola: Kwetu Karagwe mwiko ulikuwa kuchemsha maziwa. Eti chuchu za ng'ombe zitakauka.

Daktari wa Mifugo: Na bruselosi, ugonjwa unaotoka kwenye maziwa mabichi, mkaipata! Chemsheni maziwa.

Kashokola: Bibi alifika miaka 90 hajachemsha hata kikombe. Wewe una mingapi?

Mtoto wa Ngudu: Acheni hayo. Mimi nina dhambi. Nilikuwa darasa la tatu, maziwa yamewekwa siku tatu yagande. Nikawa nafyonza utando wa juu kwa mrija wa unyasi, nikimaliza najazia maji ya mtungi. Siku ya kusukasuka bibi akaanza yeye, akapokea shangazi, akapokea mama. Jua likatoka, hakuna hata punje. Bibi akamgeukia mama, mbele ya babu, mbele ya wachungaji: "Wewe uko kwenye siku zako, umegusa kibuyu?" Mama hakujibu. Akainamisha uso, machozi yanadondokea kanga. Mimi nipo mlangoni, mdomo bado una mafuta. Tangu siku hiyo mama hakugusa kibuyu mpaka bibi anafariki 2003. Sijawahi kumwambia.

Bonge la Igoma: 😭😭

Mzawa wa Magu: Mkuu umeniharibia uzi, nilikuja kuongelea samli.

Dada wa Sengerema: Kaka, mama yupo hai? Mpigie leo. Peleka na kanga doti mbili.

Bonge la Igoma: Asimwambie! Atalaaniwa uzeeni.

Daktari wa Mifugo: Kwa faida ya wengine: siku tatu si mbaya, tatizo ni joto. Maziwa yakiwa ya moto siagi inalainika, haishikani. Yakiwa baridi sana pia inagoma. Ndiyo maana bibi zenu walianza alfajiri.

Kashokola: Na ya ng'ombe wa kisasa usijisumbue, mepesi. Wa kienyeji ndiye mwenye mafuta.

Daktari wa Mifugo: Hapo tumekubaliana.

Mtoto wa Ngudu: Nimempigia. Kacheka mpaka simu ikakatika. Anasema alijua, aliuona mrija kwenye mfuko wa kaptula yangu.