Mkojo unanitoka nikikohoa, nimeambiwa chanzo ni nyayo bapa. Naombeni ushauri

Mama Kichanga (mleta uzi)
Habari zenu wana jukwaa. Nina miaka 31, nipo Dar, nilijifungua mtoto wa pili miezi saba iliyopita. Tangu hapo nikikohoa, nikicheka au nikikimbilia daladala, mkojo unanitoka. Natembea na kanga ya ziada kwenye mkoba. Kuna muuza soli za kuweka ndani ya viatu alinilowanisha miguu, akanisimamisha kwenye saruji kavu. Alama ilitoka nzima kama chapati, pale katikati hapakubaki pakavu. Akasema nyayo zimelala ndiyo maana nyonga imelegea. Ni kweli? Hata raba zangu za kabla ya ujauzito siku hizi zinanibana. Soli ni 180,000. Ninunue?

Kipepeo wa Tanga
Pole shosti. Achana na mchuchumio. Mimi nilivaa skuna kazini miaka sita, kiuno kikakaza. Nilipohamia kwenye makubazi mume wangu akauliza mbona nimekuwa mfupi 😂

Mzee Kobe
Mama zetu walichota maji mtoni wakitembea peku, na hatukusikia habari hizi. Kinamama wa leo mnakaa sana.

Bibi wa Pangani
Mzee Kobe, yalikuwepo, wewe ndiye hukuambiwa. Mama yangu alizaa tisa na alijifunga kitambaa kila siku hadi anaingia kaburini. Sisi mabinti tulijua siku tuliyomwosha.

Mazoezi Tiba
Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Mguu na nyonga kweli vinahusiana. Ujauzito hulaza tao la unyayo na kurefusha mguu, na kwa wengine haurudi tena, ndiyo maana raba zinakubana. Unyayo ukilalia ndani, goti linafuata, paja linajizungusha, nyonga inainama mbele. Na ubavuni mwa nyonga kuna msuli wa kuzungusha paja ambao misuli ya kubana mkojo imejishikiza kwenye utando wake. Lakini muuzaji kakupa nusu ya habari. Mwaka 1996 huko Marekani walipimwa wanamichezo wa kike wa chuo kikuu ambao hawajazaa: waliovujwa na mkojo ndio waliokuwa na nyayo ngumu, zisizobonyea kupokea kishindo. Kwa hiyo unyayo kulala si kesi peke yake.
Nikuulize: ni mkojo tu, au kuna kingine unahisi?

Mama Kichanga
Mkojo tu. Ila bado sijajibiwa, ninunue?

Kipepeo wa Tanga
Nunua, afya haina bei.

Mazoezi Tiba
Dada, ngoja kwanza. Jioni ukichuchumaa kufua, husikii uzito huko chini?

Mama Kichanga
Sawa, niseme. Nikishinda nimesimama, jioni nasikia kitu kinashuka. Nikioga nakigusa, laini kama yai lililomenywa. Nikilala kinarudi. Nauza uji, kila alfajiri nabeba ndoo mbili za lita 20. Mume sijamwambia. Hospitali niliyojifungulia nesi alinifokea mbele za watu, sitaki kurudi kuvua nguo pale. Na soli nimeshatanguliza 90,000. Nimesoma sehemu kwamba mguu ukikaa sawa kila kitu kinapanda chenyewe, ndiyo maana nataka nianze na mguu.

Mkweli Daima
Hii chai. Akaunti ya juzi, bei imetajwa mara mbili, kesho atatokea "mteja" kusema soli zimemponya. Mods futeni tangazo hili.

Mzee Kobe
Hata mimi nimeshtuka. Yai lililomenywa!

Mama Kichanga
Duka nimelitaja wapi? Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani shemeji anaijua. Mnadhani hili ni jambo la mtu kujitungia?

Bibi wa Pangani
Mkweli, muuza soli gani atanadi bidhaa kwa habari ya kitu anachokigusa mtu bafuni? Mwanangu, hicho ni kizazi kinashuka. Nenda.

Mazoezi Tiba
Bibi anaweza kuwa sahihi, ila ni mpaka upimwe. Nenda hospitali nyingine, omba daktari wa kike, unaruhusiwa. Soli haiwezi kukirudisha. Kuna mazoezi ya kubana ambayo daktari Kegel aliyaandikia Marekani mwaka 1948. Siku hizi hufanywa hivi: unabana kama unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, mara 8, awamu 3 kwa siku, miezi 3 isiyopungua. Kuna pia pete ya kushikilia kizazi. Ukiwa umesimama, usibane ukiwa juu ya kisigino kirefu. Vidole vikiinuka kidogo misuli hiyo hushika vizuri zaidi. Unyayo nao ufanyishe kazi: kanyaga chini, vuta tumbo la unyayo lijiinue bila kukunja vidole, hesabu hadi tano. Ndoo jaza nusu, toa pumzi wakati wa kuinua. Choo kikiwa kigumu usijikamue.

Kipepeo wa Tanga
Nafuta ushauri wangu wa "nunua". Shosti, ukitaka mtu wa kukusindikiza nipe ujumbe.

Mama Kichanga (wiki mbili baadaye)
Nilienda. Daktari mama mtu mzima, alinikohoza nikiwa nimechuchumaa, hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Kizazi kimeshuka, daraja la pili. Pete tutaijaribu mwezi ujao, mazoezi nimeanza. Mume nilimwambia usiku taa imezimwa; alfajiri nikakuta ndoo zote mbili ziko jikoni. Soli nimezichukua, maana hela ilishaenda. Kisigino hakiumi tena nikisimama kwenye jiko la uji, hilo naliandika ili Mkweli asome.

Mkweli Daima
Nimesoma. Samahani dada.